Mpima Barafu wa Ijumaa

Kazi yangu ni kutengeneza barafu mjini Riyadh. Nikilisema hilo nikiwa likizoni Mombasa, watu hunitazama kidogo, kisha hubadilisha mazungumzo. Shangazi yangu anaamini mpaka leo kwamba nauza samaki, maana nilipoondoka nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha samaki, na kwake yeye barafu isiyo na samaki ni jambo lisiloeleweka. Hunipigia simu kuniuliza nguru ni bei gani Arabuni. Nilishachoka kumsahihisha. Humjibu kwamba amepanda.

Ukweli ni kwamba kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kuingia nchini, ana uwanja wa barafu ndani ya jengo la maduka, kaskazini mwa mji. Mwezi wa saba, nje huwezi kushika usukani wa gari bila kitambaa. Ndani mimi nimevaa koti, kofia ya sufu na gambuti. Glavu nilizitafuta Batha, mtaa wa maduka, mchana wa jua kali, duka baada ya duka, mpaka mzee mmoja wa Kiyemeni akazitoa chini ya meza na kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia nafanya kazi kwenye barafu. Akaniombea dua.

Miezi mitatu ya kwanza barafu yangu ilikuwa mbovu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Watu wakishateleza kwa saa moja, barafu huchakaa, hujaa mikwaruzo na unga. Hapo mimi huingia na gari tunaloliita trekta, ambalo huparua juu, hukusanya unga huo na kumwaga maji kidogo yagande upya. Mimi nilikuwa nikimwaga maji baridi. Nilitia hata mapande ya barafu kwenye tangi ili yazidi ubaridi, na nikajiona nina akili. Kule kiwandani Mombasa, mtu aliyepita karibu na chumba cha barafu na ndoo ya maji ya moto alifukuzwa siku hiyo hiyo. Hayo ndiyo mafunzo niliyosafiri nayo.

Kila Jumatatu jioni wageni kutoka nchi za baridi hukodi uwanja wetu kucheza hoki. Huvaa vitu mithili ya magodoro, hugawanyika pande mbili, hukimbizana na kisahani cheusi cha mpira kwa magongo, hugongana ukutani kwa makusudi, na mwishoni hushikana mikono. Mmoja wao ni Mfini, mhandisi wa majitaka, mtu wa maneno machache. Siku moja aliinama, akakwaruza barafu yangu kwa ukucha, akaniuliza maji yangu yana ubaridi gani. Nikamwambia kwa fahari.

"Tumia ya moto," akasema. "Ya moto kabisa."

Nikadhani ananichezea shere. Nikacheka peke yangu. Yeye akangoja nimalize, kisha akanieleza kwamba maji ya moto huyeyusha kidogo barafu ya chini, hushikana nayo, na huganda bila mapovu. Ya baridi hukaa juu tu kama ukoko wa wali, na mtu akipita hubanduka. Kesho yake nilijaribu bosi akiwa hayupo. Nilimwaga yale maji ya moto nikiwa nimefumba jicho moja. Barafu ilitoka laini, isiyo na povu, inayong'aa. Nilikaa kwenye trekta nikiitazama, na kwa kweli nilijisikia mjinga kwa miaka yote niliyokuwa fundi.

Mke wangu ni nesi katika hospitali moja hapa, na zamu zake za Ijumaa huanza alfajiri. Binti yetu alikuwa na miaka tisa tulipofika. Hatungeweza kumwacha nyumbani peke yake, na Ijumaa sharti barafu iwe tayari kabla ya swala, maana baada ya swala mji mzima huleta watoto. Basi nikawa nakwenda naye, na baadaye Jumamosi pia.

Hapo ndipo inapoingia kasoro yangu: sijui kuteleza. Nilijaribu mara moja, nikapoteza heshima mbele ya wafagiaji wote. Na barafu haipimwi kwa gambuti. Kipimajoto hukwambia ina ubaridi kiasi gani. Hakikwambii kama inashika kisu, kile chuma cha chini ya kiatu, au inakikataa. Nikamvalisha binti yangu viatu vya kukodisha, nikamsukuma taratibu, nikamwambia azunguke aniambie pamekaaje. Miezi ya mwanzo alipima kwa makalio. Baadaye akapima kwa miguu, kisha kwa masikio. Alisema barafu nzuri husikika kama kitambaa kinachochanwa, na mbovu hunyamaza. Kufika mwaka wa pili alikuwa akizunguka kinyumenyume huku anazungumza nami, bila kutazama aendako.

"Baba, pale pembeni pamelegea."

"Pembeni wapi?"

"Pale penye taa mbovu. Kisu kinazama."

Nami nilikuwa nikienda na ndoo yangu ya maji ya moto. Kazi ikiisha mapema, alichukua gongo lililosahauliwa na wageni akasukuma kisahani mpaka mlango ufunguliwe. Sikumzuia. Alikuwa hasumbui mtu, na mimi nilikuwa na tangi la kuosha.

Ijumaa moja alikuja mwalimu mmoja Mkanada, mama wa makamo anayefundisha katika shule ya kimataifa na ambaye kila Jumamosi huwafundisha wasichana hoki hapo kwetu. Alikuwa amefuata mfuko aliousahau. Akasimama mlangoni na mfuko wake mkononi, asiondoke.

"Yule amefundishwa na nani?"

"Hajafundishwa," nikasema. "Anapima barafu."

"Kwa muda gani?"

"Kila Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Mwaka wa tatu huu."

Akasema wanafunzi wake hupata saa moja kwa wiki na huigawana, na kwamba binti yangu aletewe kofia ya chuma. Tangu hapo Jumamosi akawa anacheza na wenzake. Ni mwanangu, na mzazi hutia chumvi, lakini nasema kwa jicho la fundi: hapakuwa na aliyemfikia.

Bosi wangu naye alisomea ng'ambo kwenye theluji, akarudi na digrii na mapenzi ya mchezo huu. Alikuwa amefungua uwanja wa pili Jeddah, na huko ndiko wasichana wa kuchezea nchi wangechaguliwa, mbele ya wageni waheshimiwa. Yeye angetoa hotuba, nami ningekwenda kutengeneza barafu. Akaniita ofisini.

"Kwa nini nchi zile zile ndizo zinazoshinda kila siku?" akaniuliza. "Wewe ndiye unayekaa na watu wao. Waulize, uniandikie. Karatasi moja tu, yalla, haraka."

Nilianza na Mfini. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Giza." Nikangoja. Akaongeza kwamba kwao majira ya baridi ni marefu, jua halitoki sawasawa, ziwa limeganda nyuma ya nyumba, na mtoto hana la kufanya. Anateleza mpaka aitwe kula. Hakuna wa kumwambia muda wake umekwisha.

Jibu hilo halikunitosha. Kama ni baridi tu, Mlima Kenya una barafu tangu dunia iumbwe na haujafunga bao hata moja. Nikaandika hivyo hivyo. Mwalimu Mkanada yeye aliniambia siri ni kina mama wenye magari: wanaoamka kabla ya jua, kumpeleka mtoto uwanjani, na kukaa kwenye benchi la baridi na chupa ya kahawa kwa miaka kumi. Na kwamba kila kijiji kina uwanja, na kila uwanja una mzee aliyewahi kucheza ambaye hachoki kusahihisha watoto wa watu. Nikaandika na hilo. Karatasi ikakaribia kujaa, nafasi ndogo ikabaki chini.

Tangazo la uchaguzi lilibandikwa kwenye mlango wetu: wasichana wote waje. Binti yangu, sasa ana miaka kumi na miwili, alilisoma, akanitazama. Nilimwona tu akianza kulala na gongo pembeni ya kitanda.

Nilijua. Timu ya nchi ni ya wananchi, na sisi ni watu wa ikama, kibali cha mgeni kuishi hapa; kila mwaka tunahesabiwa upya. Ningeweza kuuliza ofisini na kupata jibu kwa dakika mbili. Sikuuliza, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo, na maadamu halijatamkwa niliona bado kuna nafasi ndogo ya mtu kusahau kutazama karatasi. Mke wangu hakuwa na ujinga huo.

"Umemwambia mtoto?" akaniuliza jikoni, akifunga sare yake.

"Nimwambie nini?"

"Wajua nini. Mwambie kabla hamjaondoka. Wewe bwana, usimwache akaambiwa na watu."

"Nitamwambia njiani," nikasema.

Riyadh mpaka Jeddah ni safari ya siku nzima kwa gari. Njiani palikuwa na nafasi ya kumwambia mara mia. Nilimwonyesha ngamia.

Uwanja wa Jeddah niliukuta umejaa ukungu. Mji ule una unyevu kama wetu wa pwani. Mlango ukifunguliwa tu, hewa ya bahari inaingia na kukaa juu ya barafu kama mvuke wa sufuria, mtu haoni lango la goli. Mafundi wa pale walikuwa wamezidisha baridi, na ukungu ukazidi. Hapo samaki wa Mombasa walinifaa kwa mara ya kwanza. Nilitundika mapazia ya plastiki mlangoni kama tulivyofanya kiwandani, nikafunga mlango wa pili, nikapunguza baridi badala ya kuiongeza. Baada ya saa mbili tukaonana.

Asubuhi ya uchaguzi binti yangu alipima barafu, kisha akavaa kizibao chenye namba kumi na nne na kupanga foleni na wasichana wengine. Hakuna aliyeuliza kitu. Akacheza. Sina maneno ya kitaalamu ya mchezo huo. Nitasema tu kwamba wenzake waliifikiria barafu na yeye hakuifikiria. Alifunga mabao matatu. La tatu alimpiga kipa chenga mpaka kipa mwenyewe akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa kioo nimeshika ndoo, na nilifurahi kiasi cha kusahau nilichokuwa nakijua.

Kisha akaja binti wa ofisini na orodha, mpole, anatabasamu. Alikuwa anakusanya vitambulisho. Nikampa ikama.

"Hii ikama," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa mazoezi, mafi mushkila, hakuna tatizo. Lakini timu ni ya raia." Akaitazama tena, akanitazama mimi, akaona haya kwa niaba yangu. "Samahani, halas, ndiyo basi."

Akapiga mstari juu ya namba kumi na nne. Bosi alikuwa karibu, akasogea.

"Mimi nilidhani umekuja naye kupima barafu," akasema.

"Nimekuja naye kupima barafu," nikamjibu.

Mwalimu Mkanada, aliyeitwa asaidie kuchagua, alisikia, akauliza maswali mengi kwa sauti ya chini, akajibiwa yote kwa adabu. Alinijia amekunja uso. "Kwetu," akasema, "anayeshika ufunguo wa uwanja, mtoto wake ndiye anayekuwa bora. Kila mji mdogo una mmoja. Sababu ni ile barafu anayoipata bure." Kisha akaenda kusoma majina, kwa sababu ndiyo kazi aliyoitiwa.

Nilimkuta binti yangu ameketi kwenye korido, bado amevaa kizibao.

"Hukuchaguliwa," nikasema.

"Nilifunga matatu."

"Si mchezo. Ni pasi. Wanataka wenye pasi ya hapa."

Aliniangalia. Ana macho ya mama yake. "Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, ana miaka kumi na miwili. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tangazo. Mama yako aliniambia nikwambie, nikaogopa."

Akavua kizibao, akakikunja mara nne vizuri, akakiweka kwenye benchi. Akavua viatu. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu si mimi niliyekosewa. Niliona aibu, na aibu ile mpaka leo haijaniisha. Nilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe kama anataka kuja kuchezea kitu ambacho hapewi.

Wasichana waliochaguliwa walikuwa wacheze baada ya alasiri mbele ya wageni, na barafu ilikuwa imechakaa. Nikajikaza kisabuni, nikapanda trekta. Nikaparua, nikamwaga maji ya moto, nikamaliza. Halafu nikabaki na tatizo ambalo sikuwahi kuwa nalo kwa miaka mitatu: sikujua barafu imekaaje. Nikashuka, nikatembea juu yake na gambuti zangu kutoka goli mpaka goli. Gambuti hazimwambii mtu kitu. Nikapiga magoti, nikakwaruza kwa ukucha kama yule Mfini. Ukucha wangu nao haukujua.

Sikumwita. Nilikuwa sina uso wa kumwita. Nikasikia tu mlango mdogo wa pembeni unafunguliwa, kisha ile sauti ya kitambaa kinachochanwa. Alikuwa amefunga viatu, bila gongo, bila kofia. Akazunguka mara moja polepole, mara ya pili kwa kasi, akipita karibu nami bila kunitazama. Mbele ya goli la kushoto sauti ikakatika. Akarudi, akapita tena palepale, akasimama.

"Hapa pamelegea," akasema, anaonyesha kwa kidevu. "Kisu kinazama. Wakiingia hivi wataanguka."

Nilileta ndoo. Yeye alisimama akinionyesha mpaka wa pale palipoharibika, nami nikamwaga maji kidogo kidogo alipoelekeza. Tulipomaliza alipita tena mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akatoka.

Wakati maji yanaganda nilikaa kwenye benchi la wachezaji na ile karatasi ya bosi. Nafasi ya chini ilikuwa bado ipo. Nikaandika: *Sababu ya mwisho. Huko, mtoto wa anayetengeneza barafu naye hucheza.* Nikampelekea.

Bosi aliisoma mbele ya wageni, akitafsiri kwa Kiarabu kizuri kuliko maandishi yangu. Walipenda habari ya giza. Kwenye Mlima Kenya walicheka, na mmoja aliomba arudie. Kina mama wenye magari walipigiwa makofi. Kisha akafika chini. Nikaona macho yake yanatangulia mbele na mdomo unabaki nyuma. Akakunja karatasi, akawashukuru wageni kwa kuja, na mchezo ukaanza. Wasichana walicheza vizuri. Hakuna aliyeanguka mbele ya goli la kushoto.

Baadaye alinifuata kwenye chumba cha mitambo.

"Ile ya mwisho si ya hoki," akasema.

"Inawezekana, bosi."

Alisimama kidogo akisikiliza mashine. "Barafu ilikuwa nzuri."

"Si mimi."

"Najua," akasema, akaondoka.

Mke wangu alipiga simu kabla hatujatoka Jeddah asubuhi iliyofuata. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kabla au baada?"

Nikawasha gari.

"Baada," akasema mwenyewe, akakata simu. Aliongea na binti yetu kwa simu ya mtoto, muda mrefu, na mimi sikuambiwa lililosemwa.

Tulirudi kwa njia ya Taif. Barabara inapanda mlima kwa kona nyingi, na kando yake wanakaa nyani, familia kwa familia, wanangoja watu wanaowatupia ndizi. Mtoto wangu alikuwa kiti cha nyuma na viatu vyake mapajani. Alikuwa anafuta visu kwa kitambaa, kimoja, halafu kingine. Ningempa hata mkono wangu aongee.

"Baba," akasema mwishowe, "Kenya kuna barafu?"

"Iko Mlima Kenya."

"Ya kuchezea."

"Nasikia uko uwanja mmoja Nairobi. Mdogo."

Akafikiri mpaka tukapita kona mbili. "Nani anaupima?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Aliendelea kufuta kisu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Palipokuwa na nafasi niliegesha gari kando ya barabara. Nyani wawili wakaja kutazama tuna nini. Nikafunga vioo, nikatoa simu, nikampigia mtu wa Nairobi niliyesoma naye ufundi, na mtoto akisikiliza, nikaanza kuuliza.